RNAlater kwa samaki wa Ziwa Kivu: dawa inafaa, kazi iko kwenye kisu

Anayetaka kujua kama jeni fulani inafanya kazi kwenye ini la tilapia na kunyamaza kwenye misuli yake hapimi DNA, maana DNA ni ileile mwili mzima. Anapima RNA, yaani nakala ambazo jeni inatoa inapofanya kazi, na RNA ya samaki aliyekufa haingojei mtu. Kwenye labo yenye tangi la naitrojeni kimiminika kazi ni fupi: unakata, unatumbukiza, umemaliza. Bukavu, mjini kwetu kando ya Ziwa Kivu, tangi hilo ni gumu kulipata na gumu zaidi kulijaza tena, na barafu kavu haipatikani kirahisi. Ndiyo sababu RNAlater, dawa ya maji ya kuhifadhi RNA ndani ya tishu, imekuwa chupa ya kwanza kuulizwa na wanaotoka hapa, Lwiro au Uvira kwenda ziwani kuchukua tishu za samaki. Ilianzishwa na Ambion na sasa inauzwa na Thermo Fisher kwa jina la Invitrogen, katika chupa za 100 ml na 500 ml. Tathmini hii inaangalia inavyofaa kwa mazingira yetu, mahali inapokwama, na kama inawezekana kuitengeneza wenyewe.

Ndani yake hakuna siri kubwa. Ni maji yenye salfeti ya amonia nyingi mno, karibu na kiwango ambacho maji hayawezi kuyeyusha zaidi, pamoja na EDTA na sitrati, kwa pH ya 5.2. Chumvi hiyo ikiingia ndani ya seli, protini zinaganda, na vimeng'enya vinavyokula RNA vinaganda pamoja nazo. EDTA inashika magnesi na madini mengine ambayo baadhi ya vimeng'enya vinayahitaji. Asidi kidogo inasaidia RNA yenyewe isikatikekatike. Dawa haishiki moto, haina fenoli, haina harufu kali, na chupa yake inakaa juu ya meza bila frigo.

Kipimo cha muda ndicho kinachoifanya ifae Bukavu. Tishu iliyolowa vizuri inakaa siku 1 kwenye nyuzi 37, wiki 1 kwenye nyuzi 25, mwezi 1 kwenye nyuzi 4, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inakaa bila kikomo cha kuhesabu. Kwa anayefanya kazi kando ya Kivu, kwenye mita 1,463 juu ya usawa wa bahari, ile wiki 1 ni ya kweli, kwa sababu kivulini joto letu mara nyingi haliifikii 25. Anayeteremka Uvira asibebe hesabu hiyo. Kule kwenye Ziwa Tanganyika mchana ni joto, na kisanduku kilichoachwa ndani ya gari kwenye jua kinapita 37 kabla ya saa sita. Huko weka chupa za maji zilizogandishwa kwenye kisanduku, uzifunge kwa kitambaa, na uchukulie kwamba una siku 2 tu za kufika kwenye frigo.

Jambo la pili, ambalo kwetu lina uzito kuliko la kwanza: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri dawa hii haigandi kuwa barafu. Umeme ukikatika usiku mzima, tishu iliyogandishwa bila dawa inayeyuka, vipande vya barafu vimeshapasua seli, na vimeng'enya vinajikuta vimo ndani ya supu ya RNA. Asubuhi konjeleta (friza) ikirudi inagandisha kitu kilichoharibika, na kwa macho huwezi kujua. Tishu iliyo ndani ya RNAlater inapanda tu kutoka baridi kali hadi baridi ya kawaida, kisha inarudi, bila madhara. Kwa mji ambao umeme wake haukai, hiyo peke yake inatosha kulipia chupa.

Sasa upande wa pili. Dawa inalinda kile kilichoingia kwenye tyubu. Haiwezi kujua kwamba kipande ulichokiita utumbo kina kijipande cha ini kilichong'ang'ania pembeni. Kwenye utafiti wa jeni tishu kwa tishu, kosa hilo ndilo linaloharibu kazi nyingi, na mara nyingi lawama zinaangukia dawa.

Chukua vitelojenini, protini ya kiini cha yai. Jeni zake zinafanya kazi kwa nguvu sana kwenye ini la samaki jike anayekomaza mayai. Tuseme mashine ya PCR ya kupima kiasi, inayozidisha nakala za jeni mzunguko kwa mzunguko mpaka zionekane, inaiona kwenye ini katika mzunguko wa 18. Kila mzunguko 1 ni tofauti ya mara 2, kwa hiyo mizunguko 10 ni mara 1,024. Hesabu yake ni hii: utumbo ulioguswa na ini kwa sehemu 1 tu kati ya 1,000 utaonekana kuwa na vitelojenini kwenye mzunguko wa 28, safi kabisa, na mkunjo mzuri wa kuyeyuka (mchoro unaoonyesha kwamba kilichonakiliwa ni kitu kimoja tu). Mtu ataandika kwamba jeni hiyo inafanya kazi utumbo pia. Sehemu 1 kati ya 1,000 ya kipande cha miligramu 50 ni mikrogramu 50. Hiyo ni punje isiyoonekana, iliyobaki kwenye ncha ya kibanio kilichofutwa haraka.

Kwa hiyo, kabla hata ya kufungua chupa, panga visu. Kila tishu na bisturi yake (kisu cha upasuaji) na kibanio chake. Kama vifaa havitoshi, viwe seti 3 zinazozunguka: moja inatumika, nyingine imelowa kwenye maji yenye sabuni, ya tatu imefutwa kwa alkoholi ya 70% na kukauka. Javeli (dawa ya klorini ya kufulia) isaidie kusafisha meza siku iliyotangulia, kisha meza isuuzwe kwa maji mengi, lakini isikaribie dawa hii hata kidogo. Javeli ikikutana na chumvi ya amonia inatoa gesi ya kloramini, ambayo inachoma macho na mapafu. Mabaki ya RNAlater yamwagwe kwenye bidoni lake, lililoandikwa, na bidoni la javeli likae chumba kingine.

Fanyeni kazi watu wawili kwa samaki mmoja. Wa kwanza anashika kichwa na mgongo: ubongo, jicho, matamvua, misuli. Wa pili anashika tumbo, ambalo ndilo linaloharibika haraka. Samaki mmoja amalizike ndani ya dakika 10, ndipo wa pili atolewe majini. Kupasua samaki watano kwa mpigo wakati mmoja tu ndiye anayekatwa ni kupima muda wa kifo, na jeni za mshtuko zitapanda kwa wale waliongoja.

Kwenye tumbo la tilapia tatizo la kwanza ni nyongo. Kifuko chake ni cha kijani, kimejificha chini ya ini, na ngozi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Kikitoboka, ini linakuwa na rangi ya majani, na chumvi za nyongo zinasumbua hatua za mbele mpaka kwenye PCR. Kishike kifuko kwenye shingo yake kwa kibanio, kikate pamoja na mrija, kitoe kizima, ndipo uguse ini. Kikishatoboka, usijaribu kuosha. Chukua sehemu ya ini iliyo mbali, au mwache samaki huyo.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Kongosho la tilapia halikai peke yake kama la ng'ombe. Seli zake zinazotoa vimeng'enya vya kusaga chakula zimetawanyika ndani ya ini lenyewe, zikifuata mishipa. Maana yake ni mbili. Kwanza, kipande cha ini la tilapia kimebeba vimeng'enya vingi vinavyokula RNA, kwa hiyo ndicho kiingie kwenye dawa mapema, na kiwe kidogo. Pili, ukikuta RNA ya tripsini ndani ya ini usishangae wala usiandike ugunduzi. Umekata kongosho bila kujua. Chukua vipande 3 kutoka sehemu 3 tofauti za ini na uvichanganye, kwa sababu kimoja kinaweza kuwa na kongosho jingi na kingine kisiwe nalo kabisa.

Damu ni mtego wa tatu. Seli nyekundu za damu ya samaki zina kiini na zina RNA, tofauti na zetu. Matamvua, bandama na figo vimejaa damu. Kipande kisuuzwe haraka kwenye maji baridi ya PBS (maji ya chumvi yenye pH tulivu), sekunde 5 hivi, kikauke juu ya karatasi safi, kisha kiingie kwenye tyubu. Kwa figo kuna nyongeza: sehemu ya mbele, karibu na kichwa, inatengeneza damu, na ya nyuma inachuja. Tyubu iliyoandikwa "figo" tu haina maana. Iandikwe mbele au nyuma.

Matamvua yanastahili uangalifu wa pekee kwetu, kwa sababu maji ya Kivu yana chumvi nyingi zilizoyeyuka na pH yake iko karibu na 9, kwa hiyo jeni za pampu ya sodiamu na potasiamu za samaki wa humu zinavutia kuzipima. Mfupa wa upinde wa matamvua dawa haiupiti. Kata nyuzi nyekundu peke yake kwa mkasi mdogo na uache mfupa. Misuli ichukuliwe chini ya pezi la mgongo, ngozi na magamba yakiwa yameondolewa, na ile nyeupe isichanganywe na mstari mwekundu wa ubavuni, maana zile ni tishu mbili zenye kazi tofauti. Utumbo wa tilapia ni mrefu na umejaa mwani. Sema ni sehemu gani, kamua vilivyomo, upasue kwa urefu, suuza. Kwa samaki jike, yai lililokomaa lina milimita 2 na zaidi na ganda lake linazuia chumvi. Litoboe kwa sindano ndani ya dawa yenyewe.

Sambaza ni habari nyingine. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1958 hadi 1960, na anavuliwa usiku kwa taa, kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Anakufa karibu mara tu anapotoka majini. Wale wanaofika sokoni Kadutu asubuhi, hata wakimeta kama fedha, wamekufa saa kadhaa, na hakuna dawa inayorudisha RNA iliyokwisha kuliwa. Tishu za sambaza zikatwe ndani ya mtumbwi, tyubu zikiwa zimeshajazwa dawa nchi kavu. Wala samaki mzima asitumbukizwe kwa kuwa ni mdogo. Ngozi na magamba vinazuia, na tumbo linaoza kutoka ndani wakati nje pamelowa.

Hilo linatufikisha kwenye sheria ya unene. Kipande kiwe na upande mmoja usiozidi milimita 5. Kinaweza kuwa kirefu, kinaweza kuwa kipana, lakini unene uwe chini ya hapo. Kwa ini na kwa tishu yenye mafuta, milimita 3 ni salama zaidi, maana mafuta hayapitishi maji ya chumvi vizuri. Dawa iwe mara 10 ya uzito: miligramu 50 kwa 0.5 ml, miligramu 100 kwa 1 ml. Tyubu ya 2 ml ibebe miligramu 100, basi. Watu wanajaza nyama kwa sababu samaki ni mkubwa na wanaona hasara kutupa, halafu katikati ya kipande panakuwa laini na panatoa harufu baada ya siku 3.

Tishu itaelea. Dawa ni nzito kuliko nyama, na kipande cha ini kinapanda juu na kugusa kifuniko, upande mmoja ukiwa mkavu. Jaza tyubu ili hewa iwe kidogo, ipindue mara 5 au 6, ilaze ubavu. Kisha usiku mzima kwenye nyuzi 4 kabla ya kuipeleka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiruka usiku huo, baridi kali inafika katikati kabla ya chumvi kufika. Hili ndilo kosa linalofanywa sana na waliozoea naitrojeni: wanaona baridi zaidi ni usalama zaidi. Na tishu iliyogandishwa tayari isitiwe humu, kwa sababu itayeyuka ikingoja chumvi.

Baada ya baridi utaona fuwele nyeupe chini ya tyubu. Dawa haijaharibika. Gramu 70 za salfeti ya amonia kwa kila 100 ml za maji ni karibu na mwisho wa kuyeyuka, na baridi inazitoa. Ipashe hadi nyuzi 37 na uitikise, zinarudi. Fuwele za kuogopa ni zile zinazozunguka kifuniko kwa nje, ukoko mweupe wa chumvi unaokwaruza kidole, kwa sababu zinaonyesha tyubu inavuja. Lebo za gundi zinabanduka kwenye ukoko huo, na wino unafutwa na alkoholi. Andika kwa ncha ya sindano kwenye plastiki, au kwa penseli kwenye sehemu ya tyubu iliyokwaruzwa, na namba ileile iwe kwenye kifuniko.

Siku ya kutoa RNA, usisuuze tishu kwa maji. Vile vimeng'enya viliganda tu, havikufa. Chumvi ikipungua vinaamka. Kausha kipande kwa karatasi, kiingize moja kwa moja kwenye dawa ya kuvunja seli yenye guanidini. Kitakuwa kigumu kama mpira, kwa hiyo kinu cha mkono kitachelewa. Kikate vipande vya milimita 1 kwanza. Chumvi iliyobaki nyingi inaweza kuvuruga tabaka kama unatumia njia ya fenoli na klorofomu, hata tabaka la maji likashuka chini mahali pa kupanda juu. Ikitokea, ongeza dawa ya kuvunjia, usiongeze klorofomu.

Bei ni ghali, na usafiri wa kuifikisha Bukavu unaiongeza. Wanaoweza kutengeneza wenyewe watengeneze, na matokeo ya samaki ni mazuri. Chukua maji safi yaliyochemshwa kwa presha 935 ml, EDTA ya 0.5 M iliyowekwa pH 8 40 ml, sitrati ya sodiamu ya 1 M 25 ml, na salfeti ya amonia gramu 700. Koroga juu ya moto mdogo. Chumvi hii ikiyeyuka inavuta joto, kwa hiyo chombo kitakuwa baridi na itaonekana kama imegoma, subiri. Ikisha kupoa, shusha pH hadi 5.2 kwa asidi ya salfuriki ya 1 M, tone kwa tone, kwa mashine ya pH iliyopimwa siku hiyo. Unapata karibu lita 1.4. Mbolea ya salfeti ya amonia inayouzwa kwa wakulima isitumike, hata kama gunia linasema ni chumvi ileile. Ina takataka za madini, na sampuli ya mwaka mzima si mahali pa kubana matumizi.

Jambo moja la mwinuko wetu. Sufuria ya presha yenye uzito wa psi 15 inafika nyuzi 121 pwani. Bukavu, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi, inafika karibu 118. Mwenye mashine yenye kipimo apandishe hadi karibu psi 17.5. Mwenye sufuria ya kawaida aongeze muda, kutoka dakika 20 hadi 30. Hata hivyo mvuke hauui vimeng'enya vyote vya kula RNA, kwa hiyo vyombo vya kioo na chuma vioke kwenye tanuri nyuzi 180 kwa saa 8, na glavu zibadilishwe kila zikigusa simu.

Mbadala zipo. Alkoholi inahifadhi DNA vizuri na RNA vibaya. Anayeitumia kwa kazi hii anapoteza samaki. Dawa za fenoli na guanidini zinaua vimeng'enya moja kwa moja, lakini tishu lazima isagwe papo hapo, zinaunguza ngozi, ndege zinazihesabu kuwa mzigo wa hatari, na guanidini yake nayo ikikutana na javeli inatoa gesi ya sumu. Kwa mtumbwini RNAlater inazishinda.

Hesabu ya ununuzi: samaki 12, tishu 6 kila mmoja, tyubu 2 za kila tishu, ni tyubu 144, yaani 144 ml hata ukiweka 1 ml tu kwa kila tyubu. Chupa ya 100 ml haitoshi. Chukua ya 500 ml na ibaki akiba ya zitakazomwagika. Kisha, kabla ya safari kubwa, jaribu kwa samaki 3 wa bwawani. Vipande vya ini moja viende tyubu 3, zikae juu ya meza siku 0, siku 3 na siku 7, na kwa kila kimoja utoe RNA. Uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280, unaoonyesha usafi wa RNA, uwe karibu na 2.0, na kwenye jeli mistari miwili mikubwa ionekane, wa juu ukiwa mzito karibu mara 2 ya wa chini. Kisha pima tripsini, hemoglobini na miosini (alama za kongosho, damu na misuli) kwenye kila tishu kabla ya kugusa jeni unayoitafuta. Jeni ya aktini isitumiwe peke yake kama kipimo cha kulinganisha ini na misuli, kwa kuwa yenyewe inabadilika kati ya tishu hizo. Tumia angalau mbili, na iwemo ile ya EF1 alfa. Hemoglobini ikionekana mapema kwenye ubongo, rudi kwenye hatua ya kusuuza.